Nukta Nyekundu Niliyoitia Mimi

BARAZA LA BI. NIMWAKA

(Majina yote katika barua hii nimeyabadilisha, na zahanati nimeificha. Msinisumbue kuniuliza ni ipi. — Bi. N.)

Shikamoo Bi. Nimwaka,

Natumai barua hii itakukuta u mzima wewe na wote wa nyumbani. Mimi ni msomaji wako tangu nikiwa shule ya upili huko Shimba Hills, ambako baba alikuwa akilinunua gazeti hili kila Jumamosi kwa ajili ya mpira na mama akilichukua Jumapili kwa ajili yako, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningekaa kukuandikia mimi, maana sisi wenye shahada tulijizoesha kuamini kwamba matatizo ya ukurasa huu ni ya watu wengine, nisamehe kwa hilo. Nimekwama, mama yangu, na nakuomba unijibu neno moja tu: je, mtu anaweza kumshukuru mwenzake hadharani bila kujivua nguo mwenyewe?

Nianze mwanzo. Mimi ni Mkamba, wazazi wangu walipata shamba huko kwenye skimu ya kuwapa Wakamba ardhi kabla sijazaliwa, nina miaka thelathini na minne, na kazi yangu ni kutafiti sera za afya ya uzazi. Watu wakiniuliza hiyo ni kazi gani huwaambia hivi: mama akienda kliniki kupimwa mimba, na hapo hapo akitaka habari za kupanga uzazi, na hapo hapo akiwa na wasiwasi wa ukimwi, je, ataingia mlango mmoja akatoka na haja zake zote, au atazungushwa milango mitatu kwa siku tatu huku jirani zake wakihesabu ni mlango gani ameingia? Swali hilo limekula miaka mitano ya maisha yangu, na lilinipeleka, Januari ya mwaka jana, katika zahanati moja baina ya Ukunda na Msambweni, kwa sista mmoja aitwaye Bi. Mejumaa.

Bi. Mejumaa ni Mdigo wa hapo hapo, amepita miaka hamsini, na katika kijiji kile amewazalisha kina mama na kisha akawazalisha binti zao. Nilifika kwake na barua ya ruhusa, boksi mbili za makaratasi na kalamu mpya dazeni mbili, akanitazama kutoka juu mpaka chini, akanikaribisha chai, akaniambia, "Karibu mwanangu, kazi ipo, hata bila hayo makaratasi." Mimi nilidhani ananitania tu.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Mama aliyekubali kukaa nasi akapewa ushauri kuhusu ukimwi, na akakubali kutolewa damu ipelekwe maabara, nilimtia nukta ndogo ya wino mwekundu kwenye kadi yake ya kliniki, pembeni, upande wa nje, ili akirudi baada ya wiki mbili tumjue upesi bila kumwuliza maswali mbele za watu. Nukta haikusema ana virusi wala hana, ilisema tu kwamba huyu tumezungumza naye, na nilijiona hodari sana kwa kubuni siri ndogo namna ile.

Sasa sikiliza ujinga wangu, Bi. Nimwaka. Kwetu mama huiweka kadi yake kwenye mkoba wake na hakuna wa kuigusa, na mimi nikachukulia kwamba dunia nzima ni kwetu. Sikujua, na sikuuliza, kwamba huku pwani kadi ya mke hukaa kwa mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, ndani ya kopo la biskuti, pamoja na vyeti vya kuzaliwa na karatasi za shamba, kwa sababu yeye ndiye ajuaye kutunza. Na tena pale kliniki, kabla sista hajafika, kina mama huziweka kadi zao mezani moja juu ya nyingine ili kushika foleni, aliyetangulia chini kabisa, na sista akija hulipindua rundo lote mara moja akaanza kuita majina. Kwa hiyo siri yangu ilikuwa ikisomwa asubuhi mezani na ikisomwa tena jioni nyumbani.

Wiki ya tatu ilikuwa na jina, wakiziita "kadi za nukta". Wiki ya sita lile benchi la Alhamisi, lililokuwa na kina mama sitini wakisukumana, lilikuwa na kumi na tisa, na waliopotea hawakuwa wa ukimwi peke yao, walikuwa hata wa kupima watoto uzito na wa chanjo. Mmoja wa wale wa mwanzo, Mercy, msichana wa Kinango aliyeolewa Bongwe na mtu aitwaye Kenga, mavyaa wake aliiona ile nukta na Kenga akamrudisha kwao na mimba ya miezi sita, sikumwona tena. Niliumia sana na sikujua la kufanya, nikawa naandika tu kwenye daftari kwamba mahudhurio yamepungua.

Hapo ndipo Bi. Mejumaa aliponiokoa, na siku ile sitaisahau mpaka nife. Ilikuwa Alhamisi asubuhi mwezi wa Machi. Alilipindua lile rundo dogo la kadi, akanyoosha mkono.

"Mumbe, nipe ile kalamu yako nyekundu."

"Ya nini, Bi. Mejumaa?"

"Nipe kwanza. Wewe maswali huyamalizi."

Nikampa. Akatia nukta kadi zote kumi na tisa, moja baada ya nyingine, mbele ya kila mtu. Alipomaliza hizo akafungua saraka akatia nukta kadi zote mpya zilizokuwa humo, za mimba, za chanjo, za watoto wachanga. Akaingia mzee mmoja, Mzee Karisa, ambaye huja kufungwa kidonda cha mguu, naye kadi yake ikatiwa.

"Sista, na mimi hii ni ya nini?"

"Ni ya wino, Mzee Karisa. Kaa hapo, nyoosha mguu."

Benchi zima likacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko pale baada ya mwezi mzima. Mwisho akatoa mkobani kadi ya mjukuu wake mwenyewe, akaitia nukta kubwa kuliko zote. Siku zilizofuata alipita nyumba kwa nyumba baada ya kazi akiwaambia mavyaa wale watoe makopo yao, kliniki imebadilisha utaratibu, na wakatoa, kwa sababu ni nani angemkatalia aliyemzalishia watoto? Haikutimia mwezi ila kila kadi ya vijiji vile ilikuwa na nukta, na kitu kilicho kwa kila mtu hakina tena cha kusimuliwa.

Mimi nililia, Bi. Nimwaka. Nilimfuata nyuma ya zahanati nikamwambia, "Umeniharibia utafiti wangu wote," naye akanijibu taratibu huku ananawa mikono, "Mwanangu, kina mama hawa nilikuwa nao kabla ya utafiti, na nitabaki nao ukishaondoka. Utafiti utaushona upya. Hawa nikiwapoteza, nitawapata wapi?"

Kisha akanionyesha namna ya kuushona. Kile chumba tulichokuwa tumekitenga kwa ushauri akakirudishia magunia ya maziwa ya unga. Kila mama, awe amekuja kwa mimba au kwa kupanga uzazi au na mtoto wa kupima, alikaa kwenye kiti kile kile anachopimiwa presha, akaambiwa maneno yale yale kwa sauti ile ile, na anayetaka kupimwa alitolewa damu pamoja na damu ya kawaida ya kliniki, kwa hiyo aliyekaa benchini hakuweza kujua nani kapimwa nini. Mimi majina nikayaweka katika daftari lililofungiwa kabatini, ufunguo shingoni. Kufika Juni kina mama wa Alhamisi walikuwa themanini. Na Agosti, zile ghasia za kuwafukuza wageni pwani zilipoanza na sisi watu wa bara tukawa tunahama na magodoro kichwani, Bi. Mejumaa alinichukua nyumbani kwake akanikalisha siku kumi na moja, na aliyeuliza aliambiwa, "Huyo ni binti yangu." Kila nilicho nacho leo, nikiwemo mimi mwenyewe, kimepita mikononi mwa mama yule.

Sasa kosa langu la pili, ambalo ndilo lililonifanya nikuandikie. Nilipokaa kuandika tasnifu, sura ya nne, niliandika kwamba mtafiti alibuni utaratibu wa kutia alama moja kwenye kadi zote ili kuondoa minong'ono. Mtafiti ni mimi. Kwamba nukta ilianza kwa kosa, na kosa ni langu, na limewakimbiza watu, sikuandika. Nilikuwa nimemwuliza Bi. Mejumaa kama nimtaje, naye akasema, "Nini kunitaja? Andika ni mradi, nitakuja kuulizwa nani kaniruhusu kuchorachora kadi za serikali na mimi nimebakisha kidogo nistaafu." Nikafurahi, sikufichi, nikafurahi upesi mno. Katika ukurasa wa shukrani nikaandika "wahudumu wote wa afya wa Wilaya ya Kwale", baina ya dereva na msichana aliyenipigia chapa.

Watahini waliisifu sura ya nne kuliko zote. Nikapata shahada ya uzamifu, nikapata kazi ya uhadhiri, bado niko katika kipindi cha majaribio, na kamati moja inayoandaa mwongozo wa huduma za kina mama ikataka kuuingiza ule utaratibu wa nukta ili utumike na kwingine, jina langu chini yake. Nilimshukuru Mungu. Lakini mwezi jana waliniletea rasimu niipitie, na mjumbe mmoja, mtu mwema tu, ameongeza sentensi kwamba, ili kurahisisha kazi, nukta itiwe kwenye kadi za wale waliopewa ushauri na kupimwa peke yao.

Ni kosa langu lile lile, Bi. Nimwaka, limepigwa chapa. Nikiwaambia wasifanye hivyo wataniuliza nimejuaje, na nikisema nimejuaje, nitakuwa nimesema kwamba sura ya nne ni ya uongo. Na nikimtaja Bi. Mejumaa nimpe haki yake, namtia matatani miezi mitano kabla hajastaafu, baada ya wema wote ule. Nikinyamaza, sentensi ile inapita. Rasimu inatakiwa irudi tarehe thelathini na moja ya mwezi huu. Nimejaribu kuandika barua yao mara nne nikaichana. Nifanye nini?

Mimi ni wako mwenye shukrani nyingi na hofu nyingi zaidi,
Mumbe

BI. NIMWAKA ANAJIBU

Marahaba, Mumbe mwanangu. Mama yako msalimie sana, na umwambie kwamba msomaji wa Jumapili ndiye ninayempenda, wa mpira tumwachie mhariri.

Barua yako nimeipata tarehe tisa, na kwa kawaida ingengoja mpaka Septemba, kuna watu hapa wananingoja na mambo ya mahari tangu Pasaka. Nimemwomba mhariri airukishe foleni. Leo ni tarehe kumi na nne, gazeti litatoka Jumamosi tarehe kumi na nane, na hapo utakuwa na siku kumi na tatu, kwa hiyo kaa vizuri unisikilize, na usiandike chochote kwenye daftari.

Umeniuliza kama mtu anaweza kushukuru hadharani bila kujivua nguo. Hawezi, kwa hali yako wewe, kwa sababu nguo yenyewe uliyovaa ni ya Bi. Mejumaa. Irudishe kwanza, kisha tutazungumza habari ya aibu.

Pole nakupa, na ninakupa kwa moyo. Ulikuwa mgeni, ulikuwa na nia njema, ulikosea kwa kutojua mahali kadi inapolala. Hilo ni kosa la mtu yeyote ambaye hakuuliza, na wangapi wamekuja hapa na magari yao na hawakuuliza? Wewe angalau ulikaa ukaona. Tena kuna jambo umelifanya vyema ambalo wewe mwenyewe hukulijua: umenieleza habari za Mercy na hukunigusia majibu ya damu yake. Hayo si yangu wala si ya wasomaji, na umeyafunga pale yanapostahili kufungwa. Mtu mwenye ulimi wa namna hiyo anaifaa kazi hii. Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba unaacha uhadhiri ukalime.

Sasa nikuseme. Barua yako ina kurasa saba. Nimezihesabu, mimi nilikuwa mwalimu. Bi. Mejumaa umempa kurasa tatu, na kila neno lake ni tamu, nimesoma nikatabasamu, pale kwa Mzee Karisa nikacheka peke yangu jikoni. Tasnifu na kamati zimepata kurasa mbili. Mercy amepata sentensi moja, nayo inaishia kwa kusema hukumwona tena.

Hukumwona tena, au hukwenda kumtazama? Kinango si ng'ambo ya bahari. Msichana alirudishwa kwao Machi ya mwaka jana na mimba ya miezi sita kwa sababu ya wino wa kalamu yako. Mtoto yule sasa ana mwaka na mwezi mmoja, kama alizaliwa salama. Hukuniambia kama alizaliwa salama. Hujui, mwanangu, na hilo ndilo linalokunyima usingizi, mimi naliona kutoka hapa nilipo. Kamati ni kisingizio. Umemshukuru Bi. Mejumaa mpaka shukrani zimekuwa chumba cha kujifichia, kwa kuwa humo ndani kuna joto na kuna mtu anayekuita binti yangu, na nje yuko mtu mmoja ambaye hujamwambia pole.

Basi utakwenda kwa huyo wa nje kabla ya kamati, na njia yake inaanzia kwa Bi. Mejumaa.

Jumapili, kesho yake gazeti likitoka, nenda kwa Bi. Mejumaa baada ya kanisa. Nyumbani kwake, si zahanati. Chukua hiyo tasnifu yako nzito, kaa naye mkekani, umsomee sura ya nne kwa Kiswahili, neno kwa neno, mpaka mwisho. Nina hakika hujawahi kumsomea. Imeandikwa Kizungu, imepita kwa watahini na kwa kamati, na mtu aliyeitenda hajui kilichoandikwa. Ukifika pale pa "mtafiti alibuni" usikohoe, usiruke, soma. Kisha umwombe radhi. Atasema si kitu, watu wa namna yake husema si kitu. Mwombe hivyo hivyo.

Halafu umwulize tena habari ya jina lake, na safari hii umwulize kama mtu anayetaka kweli jibu. Ile mara ya kwanza ulimwuliza huku umeshika mlango, akakujibu unavyotaka. Akisema nitaje, mtaje kwa jina lake lote, na ukurasa mzima. Akisema usinitaje, andika "sista wa zahanati ile", basi, na hakuna atakayemuuliza chochote. Mwanangu, kumfichia mtu jina lake ni heshima. Kuliweka lako mahali pake ni kitu kingine kabisa, na yeye hakukuruhusu hicho. Alikwambia andika ni mradi, hakukwambia andika ni Mumbe.

Ukimaliza hayo mwombe akufuatane Kinango, siku yoyote atakayopata nafasi wiki hiyo. Msiende na gari lenye maandishi ubavuni. Usibebe karatasi. Beba leso ya doti nzima, na kitu cha mtoto. Mtakapofika usikimbilie kwa baba yake Mercy kutoa hotuba, wala usiwaite wazee. Umwombe Mercy mkae naye peke yenu, umwambie: "Ile nukta niliitia mimi. Haikusema lolote juu yako. Nilikosa kuuliza, ukaumia wewe. Nimechelewa kuja." Maneno ni hayo, usiyapambe. Kisha unyamaze, hata akikutukana. Ana haki ya kukutukana, na huenda hana hamu.

Halafu mwulize anataka nini. Labda atataka Bi. Mejumaa aende Bongwe kumweleza Kenga na mama yake mbele ya watu wao kwamba nukta ile leo iko kwenye kadi ya kila mtu, mpaka ya mzee mwenye kidonda. Labda hataki hata kulisikia jina la Kenga, na mtu anayemfukuza mke mjamzito kwa sababu ya doa la wino simlaumu anayemsahau. Labda atataka tu kliniki ya huko kwao impokee bila macho, na hilo Bi. Mejumaa analiweza kwa barua moja kwa sista mwenzake. Fanya atakalosema yeye. Lile unaloliona wewe ni bora lifungie kabatini pamoja na daftari lako.

Baada ya Kinango ndipo utakapokaa kuiandikia kamati, na nakuhakikishia hutaichana mara ya tano, kwa sababu utakuwa umekwisha kulisema mbele ya mtu ambaye ilikuwa vigumu zaidi kumwambia. Ukurasa mmoja. Sema kwamba nukta ilitiwa kwanza kwa wachache, kwamba uliitia wewe, kwamba benchi la watu sitini lilibaki na kumi na tisa, kwamba mama mmoja alipoteza ndoa yake kwa ajili ya nukta hiyo. Sema kwamba aliyeponya ni sista wa pale, kwa kuitia kwa kila mtu na kuirudisha kazi yote kwenye kiti kimoja. Na sentensi ile ya "wale waliopewa ushauri peke yao" waifute, maana itakwenda kwa masista ambao hawana Bi. Mejumaa wa kuwapokonya kalamu. Nakala umpelekee profesa wako kwa mkono wako, umwombe nafasi ya kusahihisha sura ya nne. Iwe imefika tarehe ishirini na saba, usingoje siku ya mwisho.

Unaogopa utafukuzwa. Sijui. Mimi si mkuu wa chuo. Huenda wakakukaripia, huenda wakakuongezea mwaka wa majaribio, huenda mmoja wao, ambaye naye ana nukta yake mahali fulani, akakushika mkono. Lakini nakuuliza: umetumia miaka mitano kutaka kina mama wasizungushwe milango mitatu, na leo kwa ajili ya mlango wa ofisi yako utaacha wazungushwe nchi nzima? Hapana. Wewe huwezi. Ungeweza, usingenunua stempu.

Nina neno la mwisho, na hili ni langu.

Nilipofika kwenye habari ya nukta nyekundu niliiweka barua yako chini nikaenda kabatini. Mimi pia ni mavyaa. Mkaza mwanangu ameolewa hapa miaka mitatu, kliniki yake ni hiyo hiyo niliyoificha hapo juu, na kadi yake na ya mtoto zimo katika kopo langu la biskuti, kama ulivyosema, pamoja na karatasi za shamba. Nikazitoa. Zote mbili zina nukta. Nikakumbuka siku nilipoiona mara ya kwanza, mwaka jana wakati wa mvua: niliigeuza kadi, nikamwita jirani yangu, naye akatoa ya kwao, ina nukta, tukaulizia ya mjukuu wa imamu, ina nukta. Nikasema alaa, ni mambo ya kliniki, nikafunga kopo langu. Sikuliwaza tena mpaka barua yako.

Na kama ningeiona mwezi mmoja kabla, Mumbe, ilipokuwa kwa wachache? Ningependa kukuandikia kwamba mimi, mwalimu mstaafu, mshauri wa watu miaka kumi na minne, ningemwita binti yule nikamwuliza kwa upole. Nimekaa na swali hilo tangu tarehe tisa. Ningempigia simu mwanangu, kama mavyaa wa Mercy alivyomwambia Kenga.

Sasa hivi mkaza mwanangu yuko uani anakuna nazi, mtoto amekaa karibu yake anakula machicha, wananicheka kwa kuwa nimeng'ang'ana na mashine ya chapa na chai imepoa. Hajui kitu. Nitamwambia leo, nikishaipeleka barua hii posta, na kopo lile nitampa alitunze mwenyewe.

Ukimwona Bi. Mejumaa Jumapili, mpe salamu zangu. Mwambie kuna mavyaa mmoja ambaye aliokolewa na ile kalamu, naye hakujua.